Sura ya Mama Holo kwenye Ukurasa wa Pepea

Mama Holo wa Gwata hajui kusoma na hajawahi kuficha. Ukimtumia meseji anakujibu kwa sauti: "Mwanangu, ongea, mdomo unao." Na huyo huyo ndiye admini wa kundi la Wasap la wafugaji, kuanzia Gwata mpaka Kurui na Mzenga kule Kisarawe. Ng'ombe akipotea, mwenye ng'ombe anarekodi sauti kwa Kisukuma: rangi, pembe zilivyokaa, chapa ya moto iko paja gani. Mama Holo akisikiliza mara moja tu anajua amuulize nani. Ng'ombe waliorudi zizini kwa hilo kundi, we acha.

Basi wakaja watu wa Pepea, kampuni ya simu. Muziki, fulana, soda za baridi. Jamaa mmoja msafi msafi, Ponsiano, akapanda juu ya gari. "Wazazi wangu, nani anataka intaneti ya bei rahisi?"

Sasa nani hataki? Mikono juu uwanja mzima, Mama Holo yuko mbele kabisa anacheka. Wakapiga picha.

Wiki iliyofuata jirani yake Yunis akaja na simu, hacheki. Picha iko kwenye ukurasa wa Pepea, sura ya Mama Holo imejaa kioo. Yunis akamsomea maneno ya juu: "Wafugaji wa Gwata waunga mkono kanuni mpya ya mtandao."

"Kanuni gani tena?"

"Ya serikali, bado inakusanyiwa maoni. Ikipita, kampuni itachagua kipi kifunguke kwenye bando la bei rahisi. Maandishi yatafunguka, filamu zao zitafunguka. Sauti, mpaka ununue bando kubwa."

"Sauti hizi zetu?"

"Hizo hizo."

Kundini watu wakaanza kutoka mmoja mmoja. Maganga wa Mzenga, ambaye mitamba yake ilipatikana kupitia kundi hilo hilo, aliacha sauti kabla ya kutoka: "Mayu Holo, umetuuza kwa soda." Mayu kwao ni mama. Yaani heshima humo humo, tusi humo humo.

Yunis akaandika chini ya picha kwamba mama hakuulizwa habari ya kanuni. Wakafuta. Akaandika tena, wakamfungia kabisa asiandike. Ndipo Mama Holo akajifunga kitenge, huyo mpaka ofisi ya Pepea pale Kibaha.

"Shikamoo mama," Ponsiano akamwamkia.

"Marahaba. Toa sura yangu."

"Si ulinyoosha mkono mwenyewe?"

"Uliniuliza bei."

"Ni kitu kile kile, mama yangu."

"Kama ni kile kile, mbona hukukitaja?"

 Ponsiano akasema picha ni mali ya kampuni, na imeshapelekwa kwa wanaokusanya maoni. Akitaka kupinga, aandike barua.

"Sijui kuandika."

"Ndiyo hivyo, mama."

Hebu fikiria. Ukikuta ng'ombe wa mtu porini ukampiga chapa yako, unaenda jela, na watu watapiga vigelegele. Ila uso wa mama mtu mzima, ukiupiga chapa ya kampuni, ruksa, na unapewa maua na mioyo mtandaoni. Halafu wanaita maoni ya wananchi. Maoni gani hayo, wakati mwenye maoni kazibwa mdomo na picha yake mwenyewe?

Siku ya mnada wa ng'ombe, wafugaji wa pande zote wapo, Mama Holo akamfuata Shija, mnadi, akataka kipaza sauti.

"Unauza dume, Mayu?"

"Siuzi kitu. Lete hicho."

Akasimama katikati ya vumbi. "Ile sura ni yangu. Maneno waliyobandika siyo yangu. Niliulizwa bei, nikajibu bei."

"Na soda ulikunywa," mtu akapayuka kwa nyuma.

"Mbili. Wewe ulibeba na ya mkeo."

Watu wakacheka. Akarudia yote kwa Kisukuma, na safari hii hakucheka mtu. Akamalizia: mwenye neno kuhusu hiyo kanuni aje alisemee hapa, Yunis anarekodi, kesho sauti zote zinapelekwa kwa hao wanaokusanya maoni.

Wa kwanza kusogea alikuwa Maganga, macho chini. Akashika kipaza sauti, akasita.

"Mayu, si wanataka maandishi?"

"Wewe sema. Wataandika wenyewe, si wanalipwa."