Mume wangu alisikia harufu ya mafuta ya taa kwenye kila nilichopika

Wakuu, natumai mko poa humu ndani. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi, na mpaka leo sijayaelewa vizuri.

Ilikuwa miaka ya tisini, ndio nimeolewa. Tulipanga chumba kimoja Mashimoni, Kibera. Mume wangu alikuwa fundi wa mbao kule Lindi, mtaa mwingine wa humo humo Kibera.

Akashikwa na homa mbaya, kamasi na kila kitu. Ikaisha, akarudi kazini.

Jioni moja nampa chai, ananusa, anasukuma kikombe.

"Umeweka mafuta ya taa?"

Nikacheka, nikidhani ni utani. Kesho yake ikawa ugali. Halafu maharagwe. Hata maziwa!

Sasa mnajua maisha ya huko. Maji kwa mtungi, mafuta ya taa kwa mtungi, na mitungi inafanana. So nikaanza kujishuku. Nikanunua mtungi mpya. Nikaacha stovu, nikapikia makaa. Nanusa sufuria kama mwehu, sipati kitu. Nikawaza labda pua iliyokufa ni yangu.

Mume akakonda. Akaanza kusema namwekea dawa. Wakuu, neno hilo liliniuma kuliko kofi. Akasema nifunge nguo, twende kwa dadake Kawangware maneno yaamuliwe huko, na pengine nirudishwe kwetu Kakamega.

Wifi alipika mwenyewe. Ugali, sukuma, kuku. Mimi hata sufuria sikugusa.

Mume akameza tonge moja, akatoka mbio kutapika.

"Hata wewe, dada?"

Wifi akamfuata nje na mwiko mkononi. "Wewe, hiyo pua yako iko sawa kweli?"

Wifi akatupeleka kliniki. Daktari aliuliza tu kama alikuwa ameugua homa karibuni. Akasema pua inapeleka habari, ubongo ndio unatafsiri. Homa iliharibu njia, kwa hivyo ubongo unapata vipande vipande na kukisia. Kwa nini ukisie mafuta ya taa na si maua? Hakujua. Mimi ndio nilizidi kuchanganyikiwa.

Pua ilipona polepole. Aliniomba msamaha, nikampa.

Nilichojifunza ni kwamba mtu anaweza kukusingizia bila kudanganya. Alisema alichonusa.

Lakini hata leo, mzee wangu akiinamia sahani kabla ya kula, moyo wangu unasimama.

Kuna mwenye amepitia hii? Yule wa pua najua anapona. Nauliza wewe uliyeshukiwa: ulipona?