Bwambale Wawili wa Mto Lhubiriha

Loyi wa Bwera hutengeneza redio na simu kando ya barabara ya kwenda Mpondwe, na ulimi wake una pilipili. Mteja akimwambia simu imekufa yenyewe tu, humuuliza kama walishaizika. Lakini siku king'ora cha mto kilipokataa kulia, Loyi hakuwa na utani wowote.

King'ora kile kilikuwa kazi yake na Thembo, fundi wa Kasese mjini. Walitega vinasa sauti vitatu kando ya Lhubiriha, visikilize mawe, kwa sababu mto unapofurika husukuma mawe na mawe hugongana. Sauti ile huingia kwenye kompyuta dukani kwa Loyi, ndani ya programu ambayo huchorwa badala ya kuandikwa: visanduku vimejaa kwenye kioo, vimeunganishwa kwa nyuzi, hiki kinachuja kelele, kile kinapima nguvu, cha mwisho kinaamuru king'ora kilie mabondeni Nyakiyumbu. Penye nyuzi nyingi mno, kisanduku huitana na mwenzake kwa jina, na chochote chenye jina hilo husikia.

Thembo alichora nusu ya kusikiliza, Loyi nusu ya king'ora. Michoro ya Thembo ni kichaka kitupu, kwa hiyo Loyi aliandika programu nyingine ya kuikagua. Inasoma mchoro, inaonyesha nani anazungumza na nani, na penye kasoro inapaka rangi nyekundu. Aliipitisha kwenye nusu ya Thembo, ikaonekana safi. Yake pia safi. Basi wakaziunganisha, wakanywa soda, wakajiona wataalamu.

Mchana mmoja wa masika ya mwaka huu wingu jeusi likakaa mlimani. Docus, mama yake Loyi, alikuwa akipalilia mihogo ukingoni kabisa mwa mto, na simu hataki hata kuisikia. Loyi akaona kwenye kioo mstari wa kinasa cha pili ukipanda, ukazidi kupanda. Mawe yalikuwa yanagongana. Taa ya king'ora pale kwenye kioo haikuwaka.

Akampigia Thembo.

"Mawe inagongana na king'ora iko kimya."

"Mashine iko muzima, dada. Angalia umeme."

"Umeme iko. Mama iko huko chini."

Loyi akabonyeza kuamuru king'ora kwa mkono. Taa ikawaka, ikazimika papo hapo. Akabonyeza tena, ikawa vilevile. Aliogopa vibaya sana, na hata pikipiki isingefika bondeni kabla ya maji.

Ndipo akafungua programu yake ya ukaguzi na kuipa mchoro wote, nusu zote mbili pamoja, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya. Ikasoma taratibu, haina haraka na mama wa mtu. Kisha jina moja likawa jekundu: Bwambale.

Wakonzo, watu wa huko, huwapa watoto majina kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka. Thembo aliviita vinasa vyake hivyo hivyo, kuanzia juu. Loyi naye alikuwa na vitufe viwili, Baluku na Bwambale. Cha kwanza alikifuta zamani, lakini cha pili kikabaki na jina lake, maana kwao mtoto wa pili hageuki kuwa wa kwanza eti kwa sababu kaka yake amefariki. Na kazi ya kitufe hicho ilikuwa kunyamazisha king'ora wakati wa ibada.

Kwa hiyo kila mara kinasa cha pili kilipopiga kelele ya hatari, kilikuwa kinakifunga king'ora mdomo.

"Wewe pia uliita Bwambale?" Loyi akauliza.

"Sasa ningeita nani? Iko ya pili."

Loyi akabadilisha jina la kitufe, akaandika la kwanza lililomjia, akawasha upya. Taa ikawaka, ikabaki inawaka. Hakungoja. Alirukia pikipiki, na njiani alisikia king'ora kikilia kwa mbali, akalia naye.

Watu walikuwa wamejaa mteremkoni na mbuzi na magodoro yao, wakavu. Mama yake alikuja nyuma ya wote, amelowa mpaka kifuani, hana jembe, hana kiatu. Loyi akamshika mikono yote miwili.

"Mama, kwa nini wewe iko mwisho? Hukuona maji?"

"Niliona. Ilibadilika rangi, watu wote bakakimbia," Docus akasema, akihema. "Mimi nikabaki napalilia. Nikawaambia, hapana, king'ora iko kimya, na hii ni king'ora ya mutoto wangu. Kama iko hatari, yeye hawezi kuninyamazia."