Kanisa Ndani ya Goti

Mume wangu aliendesha gari la ng'ombe la kaburu mmoja nje ya Eldoret. Kanisani alikuwa ameacha kwenda tangu mwalimu wa kanisa alipomkaripia mbele ya watu kwa sababu ya pombe ya busaa. Jumapili nilikwenda peke yangu, na nikirudi nilimkuta amelala chali, mdomo wazi, ananuka kama mtungi.

Kisha ukaota uvimbe mgumu juu ya goti lake. Alidai ng'ombe amempiga teke. Teke gani la kuvimba mwaka mzima? Nikamburuta hadi hospitali ya mjini.

Daktari alikuwa Mzungu, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha watu bustanini. Aliupiga mguu picha, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Pole, Mzee. Wewe iko na kansa ndani ya mfupa. Rudi wiki ingine."

Neno hilo hatukuwa tumewahi kulisikia. Tulipofika nje mume wangu akaninong'oneza, "Mama, umesikia? Ati niko na kanisa ndani ya mfupa. Nani amemwambia siendi?"

"Mungu," nikamjibu. Nilifurahi mno.

Wiki hiyo hakurudi hospitalini, wala zilizofuata. Alimwaga busaa. Jumapili alikaa benchi la mbele, mguu ameunyoosha njiani watu wakiuruka, akaimba mpaka mwalimu akamwomba apunguze sauti. Uvimbe nao ukazidi kukua. Siku aliposhindwa kupanda gari lake, hasira zikampanda, tukarudi kwa daktari.

"Kanisa nimeenda!" akamfokea. "Mbona mguu bado?"

Daktari alituuliza mara mbili tatu ndipo akaelewa. Yeye hakucheka. Mimi nilicheka, kisha nikanyamaza alipoanza kueleza. Kansa ni ugonjwa, akasema, na wa mifupa una aina zake. Upo unaoanzia kwenye mfupa wenyewe, unaopenda vijana na kukimbilia mapafuni. Huu wetu ulianzia kwenye gegedu, ule mfupa laini, na ili tuelewe akajishika pua. Mume wangu akafunika yake haraka.

"Hii inatembea pole pole," daktari akasema. "Dawa ya kunywa haiwezi. Kisu inaweza, kama inatoa yote. Nikikata mguu hapa juu, iko nafasi mzuri. Ukiacha, itafika kifua, na hapo mimi sina kitu."

"Na haitarudi?" nikauliza.

"Siwezi kuapa, Mama. Kila mwaka tutaangalia kifua."

Nilimjua mume wangu: angeweza kuchagua kufa na miguu yote miwili kuliko kuona mtu mwingine akishika mjeledi wake. Akalipapasa goti lile.

"Kata," akasema. "Lakini pua uache."

Alipozinduka baada ya kukatwa, nilikuwa nimekaa kando ya kitanda. Akaniambia vidole vya mguu ule vinamuuma kwa baridi. Nilitaka kumwambia havipo, nikashindwa. Nikaingiza mkono chini ya blanketi, nikasugua shuka tupu.

"Hapo hapo," akasema, akafumba macho.

Sasa ni mzee mwenye mvi, na baridi ya Julai ikija bado ananiita nisugue, nami nasugua.