Mabusu Yaliyokatwa Nairobi

Solomon Kiplagat ana miaka sabini na moja, na kazi yake ni kuwaogesha na kuwalisha wazee wanaomzidi umri kidogo tu, katika nyumba moja ya kulelea wazee huko Beltsville, Marekani. Jumapili huenda kanisa la Wakenya lililopanga ukumbi kati ya maghala mawili ya Landover. Mwaka huu jina lake lilipendekezwa kuwa mzee wa kanisa. Wazee wa kanisa ni saba na hukaa mbele, kwenye viti vyenye mikono. Kiplagat amevitamani viti hivyo miaka kumi na tisa.

Kabla ya hayo yote alikuwa mkata mabusu.

Hicho hakikuwa cheo rasmi. Kitambulisho kilisema fundi wa kanda, kituo cha televisheni cha serikali, Nairobi. Lakini miaka ile ya themanini kituo kilionyesha, kila Alhamisi jioni, mchezo wa Kiaustralia kuhusu hospitali ya mashambani iliyozungukwa na kondoo. Kwa watu wenye wagonjwa mahututi, wahusika wake walikuwa na nafasi kubwa mno ya kubusiana. Bosi akatoa amri: saa hiyo familia zinakula ugali, Kiplagat akate. Na kwa kuwa bosi hakumwamini mtu, kila kilichokatwa kilihamishiwa kanda ya pembeni, ili kamati ya watu watano ihakiki siku ya Ijumaa. Ilihakiki kwa bidii. Wiki nyingine ilihakiki mara mbili.

Matokeo yake, Kenya nzima ikawa inaona daktari na binti wa mfugaji wanatazamana, halafu ghafla nesi kasimama mlangoni anasema samahani. Taifa lilijiuliza anaomba msamaha wa nini. Baadaye binti akajifungua mapacha, na barua za malalamiko zikamiminika kituoni.

Bosi alipostaafu, hakuna aliyeiulizia kanda ya pembeni. Kiplagat akaondoka nayo.

Siku hizi kuna kikundi mtandaoni cha watu wanaokumbuka televisheni ya zamani ya Australia. Wengi ni wastaafu wa huko, wanaobishana wiki nzima kuhusu rangi ya gari la polisi la mwaka 1979. Kiplagat ndiye Mkalenjin pekee, na wanamheshimu. Mwezi uliopita aliandika humo bibi mmoja wa Adelaide, Maureen, miaka themanini na tatu. Yeye ndiye aliyeigiza yule nesi. Kituo kilichotengeneza mchezo kilifuta kanda zote ili kurekodia kriketi. Hana hata sekunde moja ya ujana wake, na wajukuu wanasema bibi anatunga. Je, kuna mwenye chochote?

Kiplagat alikuwa na dakika arobaini na moja.

Shida ilikuwa sheria ya kikundi: mwenye kuleta picha zilizopotea aandike jina kamili na aeleze alizipataje, kwa sababu matapeli wamezidi. Na ukurasa uko wazi kwa dunia nzima, wakiwemo waumini wenye simu. Uchaguzi wa wazee ulibakiza siku kumi.

Mashine za Marekani hazisomi kanda za kwetu, kwa hiyo akaipeleka Silver Spring kwa Khalfan, Mtanzania wa Tanga anayehamishia harusi za zamani kwenye simu. Khalfan alitazama dakika tatu, akasimamisha.

"Mzee Solomon, hii harusi ya nani?"

"Si harusi. Ilikuwa kazi yangu."

"Kazi! Na mimi marehemu baba akanilazimisha nisome uhasibu." Akasogeza mbele, huku Kiplagat akimweleza habari za Maureen. Kila kipande kiliishia vilevile: nesi anafungua mlango. "Huyu mama ndiye anayejitafuta?"

"Ndiye."

"Mbona rahisi? Hawa wanaolambana tunawatoa, tunambakiza yeye na mlango wake. Dakika nne, safi kabisa. Hata watoto wenu wa sande skul wataangalia."

Lilikuwa wazo zuri. Kiplagat alilipwa mshahara miaka tisa kwa wazo hilohilo.

"Ukiwatoa hao, mama wa watu anaonekana kichaa anayefungua milango tu," alisema mwishowe. "Weka yote."

"Na jina? Niandike langu, mzee wangu. Msikitini kwetu hakuna uchaguzi."

"Andika langu."

Nyumbani alimweleza mkewe, Jepkosgei. Mama huyo aliweka kikombe mezani polepole.

"Kumbe ni wewe! Baba alikuwa anaipiga TV makofi kila Alhamisi, akidhani imeharibika. Tumelala kitanda kimoja miaka thelathini na nane na hukusema?"

"Hukuuliza."

"Ningeuliza aje? Eti, Solomon, ni wewe ulikata mabusu ya Australia?"

Usiku huo akaiweka kikundini kwa jina lake kamili. Ijumaa mchungaji Gitau wa kanisa lao akampigia simu.

"Mzee, kuna kitu nimetumiwa. Nimekiangalia chote."

"Chote, mchungaji?"

"Ilibidi. Sasa, unaweza kuwaambia wazee kwamba serikali ilikulazimisha."

"Ilinilazimisha kukata. Kutunza nilijitunzia mwenyewe."

Mchungaji akasema basi tuombe. Waliomba kwenye simu, na baada ya amina jina la Kiplagat likatoka kwenye orodha.

Jumapili kiti kilimwendea Cosmas, mtu mwema aliyewahi kufanya kazi posta. Alipokuwa amepiga magoti akiwekewa mikono, simu ya Kiplagat ilitetemeka mfukoni. Ni Maureen. Wajukuu wameamini, wameangalia mara tatu. Sasa wanamsumbua wakitaka kujua kwa nini kila mtu katika hospitali ile alibusiwa isipokuwa bibi yao.

Kiplagat alimwonyesha Jepkosgei, nyuma ya kitabu cha nyimbo. Jepkosgei alisoma, akasoma tena, mabega yakaanza kumcheza.

"Mwambie kwetu hakubusiwa mtu," alinong'ona. "Tulikuwa tunamwona yeye tu."

Watu walisimama kuimba. Kiplagat alibaki ameketi, akiandika kwa kidole kimoja.