Ule Ugali wa Busawe Niliousifia Vibaya

Simu ilikuja asubuhi nikiwa napiga mswaki, na aliyepiga hakusalimia. "Mzee wa Busawe ametutoka," akasema, nami nikabaki na mswaki mdomoni kama mtoto aliyefokewa. Alikuwa mdogo wa marehemu, mwanamume wa haraka haraka katika kila jambo. Akanieleza kwamba kifua kilimbana kaka yake siku mbili tu, kwamba mazishi ni kesho kutwa, na kwamba kwa kuwa mimi ni mtu wa magazeti, ukoo unanitegemea niandike kitu cha heshima. Nikamjibu nitakuja na nitaandika. Sasa, ninyi wasomaji wangu wa siku nyingi mnamjua mzee huyo, ila hamjui kama mnamjua. Miaka kadhaa iliyopita nilimwandika papa hapa, bila jina kama ilivyo desturi yangu, na nilimwandika vibaya. Leo nimekuja kumwomba radhi mbele yenu. Mnivumilie, maana nitazunguka kidogo kabla sijafika.

Tulifahamiana kwa sababu ya njaa. Nilikuwa natoka Tarime kwenda Mugumu kwa pikipiki, gurudumu likapasuka Busawe saa sita mchana, na dereva wangu akaondoka kwa miguu kutafuta fundi. Mzee alinikuta nimekaa juu ya jiwe kando ya barabara. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akanitazama na kuniuliza, "Mura," yaani kijana kwa lugha ya kwetu, "umekula?" Nikasema nimekula. "Umekula nini, vumbi?" Akanigeuzia mgongo akaanza kutembea, na mimi nikamfuata hadi kwake bila kubishana. Pale uani alikuwepo mke wake, mama mrefu, mwembamba, amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, macho yake yametazama juu kidogo. Alikuwa haoni. Macho yalikuwa yamezimika polepole mpaka mwanga ukaisha kabisa. Akanisalimu, akauliza kwetu ni wapi, akacheka alipoambiwa kwamba nimekutwa juu ya jiwe, akasema nisubiri chakula. Mzee akaniaga kwamba anakwenda nyuma ya nyumba kuangalia ng'ombe mmoja mkorofi.

Jamani, chakula kile! Yule mama alitoka jikoni mwenyewe, kikapu cha ugali mkononi, akipapasa njia kwa vidole vya miguu, hatua baada ya hatua, akakiweka mbele yangu bila kutikisa kitu. Ugali wa wimbi, yaani ulezi, uliochanganywa na muhogo, mweusi, mzito, unaovutika kidogo ukiukata. Pembeni mgagani, zile mboga chungu, zilizopikwa na maziwa kwenye chungu mpaka uchungu wote umelainika. Halafu maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu, yenye harufu ya moshi. Mimi nimezaliwa mkoa huu na nimekula wimbi tangu sina meno, lakini siku ile nilikula mpaka nikafungua mkanda. Mzee alirudi kutoka kwa ng'ombe wake nikiwa ndio nataka kuanza, jasho limemtoka kwenye paji la uso, akaninawisha mikono, akakaa kula na mimi. Niliona kovu jipya la moto kwenye kiganja chake. Nikauliza. "Chuma cha kutia alama ng'ombe," akasema, akabadilisha mazungumzo.

Mnajua nina mdomo. Wiki ile ile nikaandika. Nilimsifu mama asiyeona ambaye mikono yake inapika kuliko ya wenye macho, na sikuishia hapo. Nilimgeukia mume. Niliandika kwamba mwenye macho mawili mazima anakwenda kutembea kwa ng'ombe huku asiyeona akihangaika na moto, kisha anarudi kukaa mbele ya kikapu kama bwana mkubwa. Nikaunganisha na wanaume wote wa Mara, kwamba tukipewa mwiko tutauliza unashikwa upande gani. Barua nilizopata! Akina mama walinipongeza, akina baba walinitukana, na mimi nikatembea kifua mbele mwezi mzima.

Miezi michache baadaye nilimkuta sokoni Mugumu. Nilitamani kujificha, lakini alikuwa ameshaniona. Alikuwa ameinama kwenye gunia la wimbi, anachota punje, anatafuna, anatema, anahamia gunia jingine. Nikafanya mzaha ili nipite salama. "Mzee, si kazi ya mama hiyo?" Akasema, "Mama ndiye aliyenituma. Huu wa hapa umelowana mvua, ukiusaga unanuka." Kisha akanishika bega. Nikajiandaa kutukanwa. "Ile habari yako nimesomewa," akasema. "Umeandika vizuri sana, mura. Umenisaidia." Nikamwangalia nione kama ananidhihaki. Hapana, alikuwa amefurahi kweli, na akaniambia gazeti lenyewe amelihifadhi, na mdogo wake ameshalisoma, na wazee wengine wameshasomewa. Nikaondoka nikijiambia kwamba mzee huyu ama hakuelewa nilichoandika, ama ana roho ya ajabu. Tangu siku hiyo, kila nikipita njia ile nilikuwa naingia kwake kula, na kila mara ng'ombe mkorofi alihitaji kuangaliwa kabla ya chakula. Sikuwahi kujiuliza ng'ombe gani huyo asiyetulia miaka yote hiyo. Mwandishi mzima!

Niwatoe Busawe kidogo niwapeleke kwenye machimbo. Pale Kerende na Genkuru nimekaa na vijana waliokuja kutafuta dhahabu kutoka Shinyanga, Kigoma na kwingineko. Wanalala sita chumba kimoja na wanapika kwa zamu. Anayesonga vizuri anasifiwa, anayeunguza anazomewa, na hakuna anayeona ajabu mwanamume kumenya vitunguu. Nilimuuliza mmoja, mtu wa makamo mwenye mke na watoto, kama akirudi kwake anapika. Alicheka mpaka akakohoa. "Nyumbani? Mama yangu ataita wachungaji waniombee!" Mikono ni ile ile, sufuria ni ile ile, lakini akivuka kizingiti cha kwake hajui hata chumvi inakaa wapi. Hapa kwetu ni zaidi. Mwanamume aliyetahiriwa hakai jikoni. Jiko ni la mke, na mke ana heshima yake pale ambayo hata mume haigusi. Kuna uzuri ndani yake, nisiwe mnafiki, maana ladha nyingi za wazee wetu zimetunzwa na ulinzi huo. Lakini jiko la mke lina upande mwingine pia, na upande huo niliufahamu msibani.

Tulimzika mchana, watu wengi, ng'ombe wawili wamechinjwa, wali umepikwa kwenye masufuria makubwa ya kukodi. Nilikaa hadi siku ya tatu, watu walipopungua, ndipo nikaenda kumpa pole mjane. Alikuwa kwenye kigoda chake, mahali pale pale, mlangoni mwa jiko. Nikampa mkono, nikasema ninavyojua kusema, halafu, kwa kuwa sina akili, nikaongeza, "Mama, na sisi tuliozoea ugali wako tutakuja kula bado, usituchoke." Mjane akacheka. Alicheka huku machozi yanamtoka, mpaka nikaogopa.

"Ugali wangu! Mwanangu, mimi sijashika mwiko tangu macho yalipozimika."

Nikamuuliza, "Sasa ule niliokuwa nakula hapa?"

"Ulikuwa wa mzee wako."

Akanieleza taratibu, sauti ya chini. Macho yalipokwisha, mkono wake uliingia kwenye moto mara mbili, na siku moja nguo ikashika. Habari zikafika kwa ukoo. Shemeji zake wakaja, tena kwa upole kabisa, na ng'ombe wa mahari wakiwa wameshawapanga. Wakamwambia kaka yao kwamba nyumba haina jiko, kwamba hawamtukani mke mkubwa, lakini aletwe msichana wa kupika na kuzaa, na mama huyu apewe chumba cha nyuma apumzike. "Unajua chumba cha nyuma, mwanangu? Unaletewa chakula kama mgonjwa. Unasikia mwenzako anagonga vyungu vyako." Mzee aliwasikiliza mpaka mwisho, akawauliza: mmekuja hapa mkaondoka na njaa lini? Mke wangu anapika. Haoni, lakini anapika. Njooni Jumapili mle.

Jumapili ilikuwa siku nne mbele. Siku hizo nne waliufunga mlango wa jiko, mama kwenye kigoda, mzee motoni. Hakuwa anajua hata maji ya kiasi gani. Mama alimfundisha kwa masikio na pua. Alisikiliza maji yanavyochemka, akisema tia unga sasa. Alisikiliza mwiko unavyokwama, akisema geuza, kandamiza, bado, bado. Ugali mbichi, aliniambia, unanuka vumbi, na ukiiva ile harufu inakatika ghafla. Wa siku ya kwanza mbwa waliunusa wakaondoka. Wa siku ya tatu waliula wenyewe kimya kimya, una madonge. Jumapili ndugu walikuja, mzee akaaga kwamba anakwenda kuangalia ng'ombe, akaingia jikoni kwa mlango wa nyuma akasonga, mama akabeba kikapu, na ndugu wakala wakaramba vidole. Lakini hawakuacha kusemasema. Waliendelea kuuliza, kuchungulia, kuleta majina ya wasichana. "Mpaka ulipoandika wewe," akasema. "Gazeti likasema kipofu anapika kuliko wote. Nani tena angebisha na gazeti? Wakanyamaza. Mzee alilia siku ile, kwa furaha. Nikamwambia lakini mwandishi amekutukana. Akasema, acha anitukane, maadamu wewe unabaki kwenye jiko lako."

Niliona aibu, nakiri, nikaona na uchungu, na chini ya vyote hivyo nikamwona yule mzee mpya kabisa, ambaye sikuwahi kumwona alipokuwa hai: amejifungia kwenye moshi, jasho linamtoka, anatii sauti ya mkewe, halafu ananawa uso na kuja kukaa na mimi ili nimwone mvivu. Nilikuwa nimekula upendo wa mtu huyo mara kumi na zaidi na kurudi mezani kwangu kujisifu kwamba nimewatetea wanawake.

"Na wewe," mama akauliza, "uliyewasema wanaume, umeshawahi kusonga?"

"Sijawahi, mama."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Akatikisa kichwa. "Maji yapo kwenye chungu. Unga uko kwenye mfuko umening'inia kulia. Ingia."

Niliingia. Niliwasha moto mpaka macho yakanitoka machozi, nikaweka chungu, na kwa mazoea ya mtu mzima anayeogopa kuonekana nikanyoosha mkono kuvuta mlango. Uani kulikuwa bado na wazee wa ukoo wanakunywa chai.

"Acha wazi," mama akasema.

Nikaacha wazi. Akawa ananiambia tia, ngoja, geuza, wewe unakwaruza tu, kandamiza! Wazee wakageuka kutazama. Mdogo wa marehemu akaja mpaka mlangoni, kikombe mkononi, akanitazama na mwiko wangu, akamtazama mjane. "Shemeji, hiki ni nini?"

"Namfundisha," akasema mama, "kama nilivyomfundisha kaka yako."

Nilimwona yule mwanamume akipiga hesabu zake, zile Jumapili, yule ng'ombe mkorofi, vile vidole alivyoramba. Hatimaye akanigeukia mimi, uso umekaza. "Mwandishi, hili usiliandike. Andika mifugo yake, andika alivyowafukuza wezi wa ng'ombe. Usituaibishe."

"Ataandika," mama akasema. "Nilinyamaza kwa ajili yake, asisumbuliwe. Sasa mnaogopa nini? Mtamwolea mke mwingine huko kaburini?"

Shemeji aliweka kikombe chini, akanawa mikono, akachuchumaa karibu na kikapu nilichopakulia ugali wangu. Akakata tonge, akatafuna muda mrefu. "Una madonge," akasema.

"Hata wa kaka yako ulianza hivyo," mama akamjibu, naye akanyoosha mkono akala.

Nilichojifunza ni kidogo na nimejifunza nikiwa nimechelewa: kabla sijamsema mtu kwa kile asichofanya, nichungulie kwanza nyuma ya mlango wake. Wapo wengi wanaofanya kazi nzuri kabisa ya maisha yao mahali ambapo wamehakikisha hatuoni. Kwa hiyo ile makala yangu ya miaka ile naifuta mbele yenu leo, sifa zake na matusi yake yote. Mama wa Busawe ndiye aliyejua kupika, na bado anajua. Lakini ule ugali mweusi nilioula nikafungua mkanda alisonga mumewe, na alinyimwa sifa yake na mimi, na aliniambia asante.