Bibi Afya wa Mbekenyera

Bibi afya wa Mbekenyera husugua viganja mpaka vipate moto ndipo amguse mtoto. Msimu wa korosho, akina mama wakihamia mashambani, huwafuata huko huko na kutundika mizani yake kwenye tawi la mkorosho. Mzee Hemedy, aliyemleta mjukuu kupimwa, alishasikia kwamba binti huyu mhudumu wa afya kapata nafasi mbili za kusomea afya ya jamii: shahada ya uzamili huko Dar, miaka miwili, au cheti cha kusoma wakati wa likizo, hapo Nachingwea.

“Sasa mwanangu, ndiyo unatuacha?”

“Nimechukua cheti, mzee wangu. Wenzangu wananicheka, eti nimekimbia ukubwa.” Akasugua viganja. “Haya, nipe huyo. Mwezi uliopita alipungua.”