Maoni Chini ya Video ya Mazishi ya Kaka Yangu

Siku tunamzika kaka yangu, mtu mmoja aliandika maoni kwenye live ya mazishi.

"msnizke. nko hai"

Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika simu ya kurusha hiyo live. Nilikuwa juu ya kiti cha plastiki, jua linanichoma kisogo, mchungaji anaomba. Yale maneno yakapanda kwenye skrini, yakasukumwa na "pole familia" na "lala salama mwalimu", yakapotea.

Watu wakaanza kumcheka. Mmoja akajibu, "Jifunze kuandika kwanza ndio ufufuke."

Nikajiambia watu wa siku hizi hawana haya hata kwenye kilio. Nikaendelea kurusha.

Yakaja tena.

"mim osten. msnizke mm"

Aliyeandika alitumia akaunti yenye jina Mzee wa Dagaa, picha yake ni mtumbwi. Nikainama kusoma, picha ikayumba mpaka binamu zetu walioko Qatar wakaandika, "Mwenye simu, tulia basi."

Naitwa Rael. Nina saluni Awendo, kando ya barabara wanayopita matrela ya miwa, kwa hivyo wateja wangu hupata vumbi kabla sijamaliza kuwasuka. Aliyekuwa akizikwa ni kaka yangu Austine, mwalimu wa Kiswahili huko Lambwe.

Ukitaka kumjua Austine, ungeingia kwenye group yetu ya WhatsApp ya familia. Yeye ndiye alikuwa admin.

Ukiandika "xaxa" badala ya "sasa", anakurudishia. Ukisahau nukta, anakuuliza kama umekata pumzi. Binamu yetu Scovia alitangaza kwamba amejifungua salama, Austine akampongeza, kisha akamsahihisha maneno matatu. Scovia alitoka kwenye group akiwa bado kitandani hospitalini.

Mimi ndiye nilikuwa mteja wake mkubwa. Naandika vibaya, sikatai. Vidole vyangu vimezoea uzi na chanuo.

Lakini alikuwa na moyo. Ndoa yangu ilipovunjika, yeye ndiye alikuja na pikapu kubeba vitu vyangu, na hakuniuliza hata swali moja. Ni kwenye maandishi tu ndipo alikuwa hana huruma. Juu kabisa ya group aliweka sheria yake: Ujumbe usiosomeka haujibiwi.

Sasa, alipotelea ziwani. Alipanda boti Sindo kwenda kisiwa cha Mfangano kwa shughuli za shule, upepo ukaja vibaya, boti ikapinduka. Wenzake wote waliokolewa. Yeye alionekana akigongwa kichwa na ubavu wa boti, akazama, basi.

Tulimtafuta. Wapiga mbizi walitafuta, wavuvi walitafuta, mama alishinda ufuoni akiita jina lake mpaka sauti ikaisha. Ziwa halikumrudisha.

Kwetu, mtu asipopatikana, haachwi hivi hivi hewani. Wazee hukata tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia, na tunda hilo huzikwa badala ya mwili. Linavikwa, linalazwa kwenye jeneza, linaliliwa kama mtu. Hilo likishafanyika, mtu amezikwa. Wazee hawana mchezo na jambo hilo.

Kwa hivyo ndani ya lile jeneza kulikuwa na yago limevalishwa suti ya Austine ya kijivu.

Na Mzee wa Dagaa anasema hajafa.

Nilishuka kwenye kiti, nikampa mtu mwingine simu ashike, nikamvuta kando kaka yetu mkubwa, Bonface, anayefanya kazi ya ofisi Homa Bay mjini. Nikamwonyesha kwenye simu yangu ndogo.

Alisoma, akatabasamu kwa uchungu.

"Hawa ni wakora, Rael. Wanajua kwenye kilio kuna watu wana roho laini. Kesho atakwambia umtumie kitu."

"Na kama ni yeye?"

"Austine aandike 'osten'? Dada, huyo hata kwa ndoto alikuwa anaweka koma. Si yeye mwenyewe alitufundisha ujumbe kama huo haujibiwi?"

Kama kuna kitu kimoja ukoo wetu wote ulikubaliana, ni kwamba Austine hawezi kuandika vile. Bonface akamjibu huyo mtu mbele ya dunia nzima: "Mjinga wewe, kaka yetu alikuwa msomi. Tafuta familia nyingine." Kisha akamblock.

Jeneza likashuka.

Baada ya mazishi nikarudi Awendo. Hapo ndipo mambo yalianza kunifuata mimi.

Simu iliita nikiwa namsuka mteja. Namba ya Tanzania. Nikapokea.

Kimya. Halafu pumzi. Pumzi nzito, za mtu anayesukuma kitu kisichosukumika. Halafu sauti, si neno, ni kama "aaa" inayokwama njiani.

Nikakata. Mteja akaniuliza kwa nini nimeacha kusuka. Nikamwambia waya za simu ni mbovu, ingawa simu haina waya.

Ikaita tena siku iliyofuata. Na nyingine. Pumzi, na ile sauti inayokwama. Nilimwambia jirani yangu Priscilla, mama wa maombi.

"Hiyo ni jachien," akasema. Kwa Kijaluo ni roho ya marehemu isiyotulia. "Amezikwa tunda, mwenyewe bado yuko majini. Anadai mwili wake."

Akaipaka simu mafuta ya upako. Yakaingia kwenye spika, na bado ikaita.

Nikaacha kupokea. Niliogopa, nawaambia ukweli. Nilikuwa naiweka ile simu chini ya taulo, nikiona taulo linatetemeka natoka nje. Ndipo meseji zikaanza.

"lael. nko kswani"

"nna bridi"

"mama analla?"

Nilizituma kwa group. Bonface akaandika, kwa nukta na koma zote, kwamba tusimlee mkora. Watu wakaweka dole gumba. Mmoja akasema hata majini wangeandika vizuri kuliko huyo.

Mwisho wa wiki nilienda nyumbani kumwona mama. Alikuwa amekaa mlangoni, kanga ya kilio bado mabegani. Mama hajui kusoma. Hayuko kwenye group, hana simu kubwa, na kwa vile hakuna aliyetaka kumwongezea maumivu, hakuna aliyemwambia chochote.

Simu ikalia mkononi mwangu. Meseji. Akaona nilivyoruka.

"Ni nani?" akauliza kwa Kijaluo, nami nawaandikia kwa Kiswahili.

"Ni mkora tu, mama. Anajifanya Austine."

"Anasema nini?"

Nilisita. Halafu nikamsomea zote, moja baada ya nyingine, kwa sauti, nikimgeuzia kwa lugha yetu. Rael, niko kisiwani. Nina baridi. Mama analala?

Nikasikia mwenyewe nilichosoma. Kwenye skrini ilikuwa takataka. Mdomoni ilitoka safi kabisa, ikawa mtu anaongea.

Mama aliinuka, na mama ana miguu mibovu.

"Ni nani anauliza kama nalala?"

Tangu baba afariki, Austine hakuwahi kuuliza kama mama ni mzima. Huuliza kama analala, kwa sababu anajua usingizi ulimkimbia. Sote tulijua hivyo. Kila mmoja aliyezisoma zile meseji kwenye group alijua, lakini macho yetu yalikwama kwenye herufi, hayakufika kwenye swali.

"Kwa nini hamkunisomea?"

"Imeandikwa vibaya, mama. Bonface alisema..."

"Vibaya wapi? Mbona mimi nimesikia yote?"

Nikaitazama tena skrini.

"Mpigie," akasema. "Kama ni jachien, ni jachien wangu. Nitaongea naye."

Nikapiga. Sijawahi kuogopa simu vile. Iliita, ikaita, kisha mwanamume akapokea, sauti kavu ya mtu wa kazi.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Wewe ndiye Mzee wa Dagaa?"

"Ndiyo mimi. Naitwa Werema. Na wewe ndiye dada yake huyu bwana?"

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi.

Werema ni mvuvi wa upande wa Tanzania. Yeye na wenzake walimwokota mtu ameng'ang'ania dumu, kichwa kimepasuka, hajitambui. Walimpeleka kambini kwao kisiwani, nesi wa pale akamshona. Alipozinduka alikuwa hawezi kusema. Mkono wa kulia haukushika kitu. Hawakujua jina lake wala nchi yake.

"Juzi juzi akaomba simu kwa ishara," Werema akasema. "Akahangaika nayo asubuhi nzima kwa mkono wa kushoto. Analia, anafuta, anaandika. Baadaye tukaona anatazama mazishi. Hatukuelewa ni ya nani."

"Mbona hukutupigia, ndugu yangu?"



"Dada, usiniudhi. Nilisoma mlivyomjibu. Mlimwita mjinga, mkasema atafute familia nyingine. Tukaona basi, huyu kwao hawamtaki. Tukasema atakaa na sisi."

Mama alikuwa ananitazama mdomo. Nikamwambia, "Yuko hai." Hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatoka na blanketi.

Nilimpata Abdullah, mfanyabiashara wa nyavu pale Sindo, ambaye ana wateja pande zote mbili za ziwa na anajua namna ya kuongea na watu wa mpakani. Hakuniuliza maswali mengi. "Dada, aliye hai haachwi," akasema, na akatafuta boti.

Nilimkuta Austine amekaa juu ya nyavu, amekonda, amevaa fulana ya timu ya mpira ambayo angeidharau. Aliponiona alifungua mdomo. Ikatoka ile sauti, ile "aaa" niliyoikatia simu kila siku.

Alikuwa ananiita jina langu.

Daktari alitueleza baadaye kwamba kichwa kiligongwa mahali panapotunza maneno. Namba anazikumbuka, ndiyo maana aliweza kututafuta mtandaoni kwa namba na kunipigia. Watu anawajua. Lakini herufi zinamkimbia. Kila neno mliloliona likichekwa chini ya ile video, kaka yangu alikuwa amelipigania kama mtu anayebeba gunia mlimani. Na huku analiandika, anatazama jeneza lake likiombewa na mimi ndiye nimeshika kamera.

Kumrudisha nyumbani nako kulikuwa na yake. Wazee walisema mtu mwenye kaburi bomani hapiti langoni kama anayetoka sokoni. Lazima kwanza yago lifukuliwe, kondoo achinjwe, na apitishwe kwenye ua uliotobolewa upande wa nyuma.

Mama hakungoja. Alibeba kigoda chake, sufuria ya ugali na samaki, akatoka nje ya ua, akaketi na mwanawe kwenye nyasi. Alimlisha kwa mkono. Majirani walisimama mbali, wengine wakiwaficha watoto, kwa sababu si jambo dogo kuona mtu uliyemlilia anakula samaki.

Bonface alikuja kutoka Homa Bay siku hiyo hiyo. Alisimama hatua chache kutoka kwao, hakai, haondoki. Yeye ndiye msemaji wa familia yetu, ndiye husoma wasifu kwenye kila msiba, lakini siku hiyo maneno yalimwishia.

"Austine," akasema. "Nilidhani... Ilikuwa imeandikwa..."

Akashindwa. Akaanza kulia mbele ya watu, mtu mzima na tai shingoni.

Austine akaninyooshea mkono wa kushoto nimpe simu. Aliandika muda mrefu sana. Akafuta. Akaandika tena. Kisha akampa Bonface.

Bonface akatazama, akashindwa kusoma kwa machozi, akanipa mimi. Nikaona:

"cjakasrka. ata mm nsngejbu"

Nikawasomea wote kwa sauti, pamoja na mama.

"Sijakasirika. Hata mimi nisingejibu."

Mama aliendelea kumtolea miba ya samaki.

Siku hizi Austine anaishi na mimi Awendo kwa ajili ya matibabu. Kusema bado. Kuandika kunaenda pole pole. Kuna siku anakaa kwenye kona ya saluni, anatazama ile video tangu mwanzo mpaka udongo unaporudishwa, na mimi nasuka huku nikisikia sauti yangu mwenyewe ikilia ndani ya simu yake. Nilimwomba aache. Alitikisa kichwa.

Watu wengi huniuliza kama sasa nadhani kuandika vizuri hakuna maana. Kuna maana. Ukiweza kuandika vizuri, humsumbui msomaji. Lakini makosa ya herufi yatakuambia tu kwamba mtu ameshindwa kuandika. Hayatakuambia kama ni mwongo, kama ni mjinga, au kama ni ndugu yako anakuomba usimfukie.

Wiki jana nilipata meseji kutoka namba ngeni, imeharibika kila neno, anasema ni mgonjwa na hana mtu. Niliacha kusuka nikampigia. Alikuwa mkora, na alikuwa na sauti nzuri kabisa. Bonface alisema nimechezwa, na kweli nilichezwa. Lakini nitaendelea kupiga, kwa sababu heri nidanganywe na wakora wote wa dunia hii kuliko nizike tena mtu anayepumua.